Kuandika Kumekukwamisha Tena: Ushauri kwa Watahiniwa wa IELTS

Swali huja kwa sura ile ile, anayebadilika ni muulizaji. Leo ni muuguzi wa Mombasa anayetaka kazi Uingereza, kesho ni mhitimu wa Dodoma aliyeahidiwa nafasi ya uzamili Ireland, keshokutwa ni fundi umeme wa Mwanza mwenye ndugu zake Kanada. Kusikiliza amefaulu, kusoma amefaulu, kuongea ndiyo usiseme. Kuandika kumemrudisha nyuma, na sasa anauliza afanye nini kabla hajalipia mtihani mwingine wa Kiingereza.

Chukua matokeo ya namna hii: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuongea 7, kuandika 6. Ukijumlisha na kugawanya kwa nne unapata 6.875, na kwa kuwa IELTS hukadiria hadi nusu iliyo karibu, cheti kitasomeka bendi 7 kwa jumla. Nyumbani watapiga vigelegele. Lakini baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linataka 7 katika kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Nusu bendi hiyo moja inatosha kuzuia safari.

Nawajibu wote hapa kwa pamoja, na msimamo wangu ni huu: wengi wenu hampungukiwi Kiingereza. Mtu anayepata 7 katika kusoma lugha anaijua. Kinachomwangusha ni kujibu mtihani huu kwa mtindo aliofundishwa kujibia mitihani ya shule, na kujiandaa kwa kukusanya sampuli za majibu na orodha za maneno huku mwenyewe haandiki.

Fahamu kinachopimwa

Sehemu ya kuandika ina dakika 60 na kazi mbili. Kazi ya kwanza iwe na maneno yasiyopungua 150, na unashauriwa kuipa dakika 20. Kazi ya pili, ambayo ni insha, iwe na maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40. Insha ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza. Anayemaliza grafu yake kwa madaha kisha akaandika insha ya maneno 190 amewekeza mahali pasipo na faida.

Mtihani una matoleo mawili. Academic kwa kawaida ni kwa wanaokwenda vyuoni au kusajiliwa na mabaraza ya taaluma; General Training ni kwa wanaohama au wanaotafuta kazi. Insha zao zinafanana sana. Kinachotofautiana ni kazi ya kwanza: Academic utaeleza grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua za kutengeneza kitu, General Training utaandika barua.

Msahihishaji anatazama mambo manne, yote yakiwa na uzito sawa:

- Je, umejibu ulichoulizwa, chote, kwa ukamilifu?
- Je, mawazo yamepangika na kufuatana?
- Je, msamiati unatosha na umetumika mahali pake?
- Je, sarufi ina upana na usahihi?

Tazama tena orodha hiyo. Mambo mawili ya kwanza hayahusu sarufi wala maneno magumu, nayo ni nusu ya alama zako. Maelezo ya kila bendi yametolewa hadharani na wenye mtihani, ni kurasa chache tu. Yachapishe, uweke safu ya bendi 6 na ya bendi 7 ubavu kwa ubavu, uzisome kwa kalamu mkononi. Kazi hiyo ya jioni moja itakufaa kuliko mwezi mzima wa video.

Tabia za shule za kuacha mlangoni

Mwanafunzi wa Tanzania anayejibu insha ya Historia hufundishwa kufasili maneno ya swali, kushusha hoja sita, kisha kuhitimisha. Kenya nako hoja huhesabiwa alama, na anayezimwaga nyingi ndiye anayevuna. Kule tabia hizi zina mantiki yake. Huku zinakuumiza, na kwa kuwa zimetuingia damuni, mtu hazioni anapozitenda.

- Kufasili. Insha ya usafiri wa umma isianze kwa "Public transport can be defined as". Msahihishaji anajua basi ni nini, na umetumia maneno ishirini bila kusema kitu.
- Hoja sita. Kwa maneno 250 hoja sita hupata sentensi mbili mbili, yaani zote zinabaki mbichi. Mbili zinatosha, tatu kama una kasi.
- Utangulizi wa kuzunguka dunia. "Since time immemorial", "In this modern era of globalisation" na ndugu zake. Msahihishaji amekutana nazo mara nyingi mno hata hazioni tena.
- Vichwa vidogo na nambari ndani ya insha. Makala kama hii inaruhusiwa kuwa navyo, insha yako hairuhusiwi. Andika aya kamili zinazoungana.
- Methali ya kupamba. Ikitafsiriwa kwa Kiingereza mara nyingi huzua swali jipya badala ya kuunga hoja.
- Barua yenye anwani mbili, tarehe na kichwa cha "RE:" kwa herufi kubwa. Maelekezo ya General Training yenyewe husema anwani hazihitajiki.

Dakika arobaini za insha

Zigawe hivi:

1. Dakika tano au sita: soma swali, amua msimamo, andika mpango wa mistari mitano.
2. Dakika kama ishirini na nane: andika.
3. Dakika zinazobaki: soma ulichoandika ukisaka makosa unayoyajua kuwa ni yako.

Hapa ndipo ninapobishiwa. "Dakika sita nzima sijaandika kitu? Nitachelewa!" Anayechelewa ni yule aliyeanza mara moja, akafika aya ya pili hajui aelekee wapi, akafuta, akaanza tena. Mpango unaweza kuuandika hata kwa Kiswahili, neno moja au mawili kwa kila hoja, hakuna atakayeusahihisha. Usichofanya ni kutunga sentensi nzima za Kiswahili kichwani na kuzivusha kwenda Kiingereza, maana zitavuka na mizigo yake, na mizigo hiyo tutaifungua baadaye kidogo.

Sasa tusome swali. Nimelitunga mwenyewe, nami naliweka kwa Kiswahili ili tutazame wazo bila kelele ya lugha:

"Baadhi ya watu wanaona kwamba kila mwanafunzi wa sekondari alazimishwe kujifunza kazi ya mikono, kama ushonaji au useremala, pamoja na masomo ya kawaida. Unakubaliana na hilo kwa kiasi gani?"

Wengi wataandika kwamba kazi za mikono zina manufaa. Zina manufaa, nani amekataa? Swali limeuliza kama kila mwanafunzi alazimishwe. Maneno "kila" na "alazimishwe" ndiyo mtego, na insha isiyoyagusa imejibu swali la jirani. Unaweza kukubali moja kwa moja, unaweza kukataa, unaweza kusema masomo hayo yawepo lakini yawe ya hiari. Msimamo wowote unaruhusiwa, mradi uonekane mwanzoni na usiyumbe hadi mwisho.

Aina nyingine za maswali nazitaja kwa ufupi, kila moja na shimo lake:

- Jadili maoni ya pande mbili, kisha toa yako. Shimo: kusahau ya kwako, au kuyatupia mstari mmoja mwishoni.
- Je, faida zinazidi hasara? Shimo: kuorodhesha zote bila kusema zipi zinazidi.
- Sababu na suluhisho. Shimo: suluhisho lisilohusiana na sababu uliyoitaja.
- Maswali mawili kwa pamoja. Shimo: la pili kujibiwa kwa sentensi moja kwa sababu muda umeisha.

Hoja moja ikuzwe

Sehemu hii ikikuingia, nyingine zote unaweza kuzisoma harakaharaka.

Aya dhaifu inakwenda hivi: kazi za mikono ni muhimu kwa vijana, zinapunguza umaskini, pia zinaleta ajira, vilevile zinakuza uchumi wa taifa. Kuna mawazo manne, na hakuna hata moja lililoelezwa. Msomaji hana cha kukataa wala cha kukubali.

Aya yenye nguvu inachukua wazo moja tu: kijana anayeishia kidato cha nne hana ujuzi anaoweza kuuza. Aliyejifunza kushona sare za shule anaweza kuanza na cherehani ya kukodi, akapata wateja mtaani kwake kabla shule hazijafunguliwa Januari, na kwa fedha hiyo akalipia mafunzo zaidi. Mwenzake aliyefaulu Fizikia kwa kiwango cha kati hana cha kumwonyesha mteja. Ndiyo maana, kwa wale ambao masomo yanaishia hapo, somo la lazima la ufundi linawaachia kitu cha kushika.

Kwa kila hoja jiulize:

- Hili linamhusu nani hasa?
- Linatokeaje, hatua kwa hatua?
- Nini kinafuata likitokea, au lisipotokea?
- Linajibuje swali lililoulizwa?

Swali la nne ndilo linalosahaulika. Sentensi ya mwisho ya aya irudi kwenye maneno ya swali, hapa wazo la kulazimishwa, ili msahihishaji asilazimike kukuunganishia.

Na mifano? Wengi mnadhani mfano mzuri ni utafiti wa chuo kikubwa wenye asilimia. Basi mnautunga: eti utafiti wa Harvard wa mwaka fulani ulionyesha asilimia 85. Msahihishaji hatakwenda kuukagua, lakini hautakupa alama pia, kwa sababu takwimu ya kubuni haielezi chochote. Mfano wa mtaani kwenu unatosha kabisa. Ila kumbuka kwamba anayesoma huenda hajawahi kuona daladala wala bodaboda. Ukivitaja, vieleze kwa maneno mawili matatu.

Aya ya kwanza ya insha haihitaji zaidi ya sentensi mbili au tatu: taja mada kwa maneno yako, taja msimamo. Hitimisho liwe sentensi mbili, lisilete wazo jipya. Sehemu ya katikati ndiyo inayokulipa.

Mizigo inayovuka kutoka Kiswahili

Kila lugha ya kwanza huacha alama zake kwenye ya pili. Hizi ndizo zetu, nami huziona kwenye karatasi za watu wenye shahada:

- "Although it is expensive, but people buy it." Kwa Kiswahili "ingawa" na "lakini" huishi pamoja kwa amani. Kwa Kiingereza chagua kimoja.
- "The books which I bought them." Kiswahili huruhusu kiwakilishi ndani ya kitenzi: vitabu ambavyo nilivinunua. Kwa Kiingereza hiyo "them" inaondoka.
- "Many parents they believe." Kiima kimeshatajwa, usikirudie.
- Kuacha "a" na "the". Sheria zake ni nyingi, anza na moja: nomino ya umoja inayohesabika haisimami peke yake. "School needs teacher" ni kosa mara mbili.
- "Informations", "advices", "equipments", "furnitures", "researches". Hazina wingi wa namna hiyo.
- "Discuss about", "emphasise on", "comprise of". Vitenzi hivi havihitaji kihusishi.
- "Can be able to". Ama "can", ama "is able to".
- "Whereby" kila mahali. Sijui nani alitupa neno hili, lakini tumelitumia kupita kiasi. Nusu ya nyakati "where" au "in which" ndiyo inayotakiwa, na nusu iliyobaki ni nukta na sentensi mpya.
- Mkato badala ya nukta. Sentensi kamili mbili zilizoshikwa kwa mkato tu ni kosa la sarufi, hata kama kwa sauti zinapendeza.

Usijaribu kuyatibu yote kwa wiki moja. Kila mtu ana makosa yake matatu au manne yanayojirudia. Pitia insha zako za zamani, yatafute, yaandike kwenye kadi. Zile dakika za mwisho za mtihani utasaka hayo tu. Bendi 7 ya sarufi haidai ukamilifu. Inadai sentensi zisizo na kosa ziwe nyingi. Ukiyaondoa makosa matatu yanayojirudia, sentensi safi zinaongezeka zenyewe bila kujifunza sarufi mpya.

Grafu na barua

Kwa wa Academic, kosa kubwa ni moja: hakuna muhtasari. Mtu anaanza mwaka wa kwanza wa grafu hadi wa mwisho, namba baada ya namba, bila kusema kwa jumla nini kilitokea. Karatasi ya namna hiyo, katika kigezo cha kujibu swali, hukwama kwenye bendi 5. Baada ya sentensi ya utangulizi, andika mbili za kueleza picha kubwa: kipi kilipanda, kipi kilishuka, kipi kiliongoza kipindi chote. Muhtasari hauhitaji namba. Namba zinakuja baadaye, nazo uzichague na kuzilinganisha; usizimwage zote.

Usitoe maoni wala sababu. Grafu ikionyesha matumizi ya mkaa yameshuka, hukuulizwa kama ni kwa sababu ya gesi.

Kwa wa General Training, swali lina vipengele vitatu. Vyote vijibiwe, na kila kimoja kipewe sentensi kadhaa. Kisha sauti: barua kwa mwenye nyumba usiyemfahamu haiandikwi kama ujumbe kwa rafiki. Ukianza na "Dear Sir or Madam" malizia na "Yours faithfully". Ukianza na jina, kama "Dear Mr Brown", malizia na "Yours sincerely". Na barua kwa rafiki iwe ya kirafiki kweli. Sisi tuliokulia kwenye "I humbly submit" hujikuta tunamwandikia rafiki kama mkurugenzi wa halmashauri.

Mazoezi yanayoleta mabadiliko

Wanaopanda bendi hawaandiki insha nyingi kuliko wengine. Wanaandika upya zile zile. Mzunguko wa wiki moja unaweza kuwa hivi:

1. Siku ya kwanza, panga maswali matatu ya insha bila kuandika insha yoyote. Dakika sita kila moja.
2. Siku ya pili, chukua moja uandike kwa dakika 40, saa ikiwa mbele yako, kamusi ikiwa mbali.
3. Iache siku mbili. Ukiisoma saa hiyo hiyo utasoma ulichokusudia, hutasoma ulichoandika.
4. Isome, weka alama kila kosa, jiulize yale maswali manne kwa kila aya. Mpe na mtu mwingine kama yupo.
5. Iandike upya yote. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu kwa sababu inachosha. Ni hapa mkono unapojifunza.
6. Kazi moja ya kwanza, grafu au barua, kwa dakika 20.

Mara chache kabla ya mtihani, andika ukiwa umechoka. Katika mtihani, kuandika huja baada ya kusikiliza na kusoma, bila mapumziko katikati. Ukiwa umezoea kuandika alfajiri kichwa kikiwa chepesi tu, siku hiyo utashangaa.

Maswali ya mazoezi yatafute kwenye vitabu vya Cambridge vya IELTS na kwenye tovuti za wenye mtihani. Kwa kusoma, chukua safu za maoni za The EastAfrican, Daily Nation au The Citizen, uzitumie hivi: soma makala moja, funga gazeti, andika kwa sentensi nne hoja ya mwandishi ilikuwa nini na aliitetea vipi. Lengo ni kuiba namna ya kujenga hoja. Madoido ya kigazeti yaache huko huko.

Bado mna wasiwasi

"Nikariri insha nzuri kumi je?" Hapana. Wasahihishaji wamefundishwa kutambua kilichokaririwa, na kinahesabika dhidi yako. Hata kisipotambuliwa, insha uliyokariri itajibu swali lake, na swali lako ni jingine. Vifungu vifupi vya kuunganisha mawazo unaweza kuvizoea, lakini kila aya ikianza na "Firstly", "Moreover", "Furthermore" kwa mpangilio, inasikika kama risala ya mgeni rasmi.

"Maneno makubwa hayasaidii?" Yanasaidia yakikaa mahali pake. Neno la kawaida lililotumika sawasawa linakupa zaidi ya "plethora" iliyokaa vibaya. Jifunze maneno yanayotembea pamoja: "raise awareness", "meet a need", "heavy traffic". Huko ndiko msahihishaji anakoangalia.

"Niandike maneno mangapi?" Vuka 250, lenga kati ya 270 na 300. Hakuna adhabu ya moja kwa moja ya kuzidisha, ila kila sentensi ya ziada ni nafasi nyingine ya kukosea na dakika iliyotoka kwenye kusahihisha.

"Nianze na kazi ipi?" Kama huwa unakosa muda, anza na insha, ndiyo yenye uzito. Kama muda haukutoshi hata hivyo, tatizo liko kwenye mpango. Na kwenye karatasi, hakikisha kila kazi imeandikwa kwenye karatasi yake.

"Kompyuta au karatasi?" Fanya kwa kile unachoandikia kila siku, mradi kituo chako kinakitoa. Kompyuta inakuhesabia maneno na inakuruhusu kuhamisha sentensi, haikusahihishii tahajia. Kama unachapa kwa vidole viwili, ama jifunze kuchapa kwa wiki kadhaa, ama uchague karatasi. Wa karatasi wapime mistari mingapi ya mwandiko wao hufika maneno 250, wasipoteze muda kuhesabu.

"Msahihishaji asipokubaliana na maoni yangu?" Hapimi maoni. Anapima kama umeyatetea.

"Tahajia ya Uingereza au ya Marekani?" Yoyote. Shika moja hadi mwisho.

"Programu za akili unde je?" Zitumie kukuonyesha makosa ya sarufi na kukueleza kwa nini ni makosa. Bendi zinazokutajia usiziamini sana, nyingine ni karimu kupita kiasi. Na ukiziomba zikuandikie insha ili uisome, umerudi kwenye kukusanya sampuli.

"Nikate rufaa?" Unaruhusiwa kuomba usahihishaji wa pili ndani ya wiki sita, kwa ada, na bendi ikibadilika ada hurudishwa. Inafaa pale kuandika kumeanguka mbali sana na sehemu nyingine bila maelezo. Kama kila mara unapata 6 na mara hii umepata 6, okoa fedha yako.

Kuhusu wanaouza maswali

Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kuna watu wanaouza "maswali ya Jumamosi hii", na wengine wanaouza cheti kizima bila kukaa mtihani. Vyuo na mabaraza yana njia ya kuhakiki matokeo moja kwa moja kwa wenye mtihani, kwa hiyo cheti cha kununua kinaishia mezani kwa ofisa wa udahili, na jina lako pamoja nacho. Maswali ya kununua nayo ni yale yale ya vitabu vya zamani. Usitume hata shilingi.

Kabla ya kulipia tena

Soma ukurasa wa taasisi unakokwenda, wewe mwenyewe, siyo ulichoambiwa na wakala. Angalia haya:

- Wanataka Academic au General Training?
- Wanataka bendi gani kwa kila sehemu, mbali na ile ya jumla?
- Wanakubali kuunganisha matokeo ya vikao viwili? NMC hukubali kwa masharti, na kuna watu hawajui hilo.
- Wanakubali kurudia sehemu moja tu? Baadhi ya vituo vya kompyuta vinaruhusu kurudia kuandika peke yake ndani ya siku 60 tangu mtihani wa kwanza, lakini si kila taasisi inayapokea matokeo ya namna hiyo.
- Kama ni kazi ya afya, wanakubali mtihani wa OET? Kule kuandika ni barua moja ya kitabibu kutokana na maelezo ya mgonjwa, na wauguzi wengine huiona nyepesi kuliko insha.

Matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubalika kwa miaka miwili. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya maombi, acha nafasi ya kurudia mara moja, ndipo uchague tarehe ya kukaa.